“Mtoto Atashika Tu”: Anashika Nini Hasa Kwenye Kichina?

Mzazi hajakaa vizuri, tayari keshasema: “Mwalimu, huyu bado mdogo, atashika tu.” Nimechoka. Atashika nini, na kwa saa moja ya Jumamosi?

Anayeanza mapema anafaidi sikio na ulimi. Hilo silibishi. Kichina kina toni nne, yaani miinuko ya sauti inayobadili maana ya neno: ya kwanza iko juu, ya pili inapanda, ya tatu iko chini, ya nne inashuka. Mǎi (ya tatu) ni kununua, mài (ya nne) ni kuuza. Mtoto wa miaka mitano anaiga tofauti hiyo bila haya, wakati mtu mzima anauliza kwanza sheria yake.

Tatizo letu Waswahili ni mkazo. Tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho mpaka hatuusikii tena. Chukua lǎoshī, mwalimu. Lǎo inatakiwa ikae chini kabisa, shī iwe juu na ibaki hukohuko. Sisi tunapandisha lǎo na kuiangusha shī: neno zima kichwa chini, miguu juu. Mtoto anayesikia Kijaluo au Kikikuyu nyumbani ana nafuu, maana lugha hizo zina toni.

Vitabu navyo vinaongeza balaa. Vinachora toni ya tatu kama bonde, ishuke kisha ipande, na darasa zima linachora bonde hewani kwa vidole. Kwenye mazungumzo bonde kamili ni nadra! Ikifuatwa na toni ya kwanza, ya pili au ya nne, toni ya tatu ni chini tu, basi. Zikifuatana mbili za tatu, ya mwanzo inageuka ya pili. Ndiyo maana nǐ hǎo hutamkwa ní hǎo. Fundisheni “chini”, jamani, na mfundishe toni mbilimbili ndani ya neno. Mtoto aliyekaririshwa mā-má-mǎ-mà anang’ara ubaoni. Mpe neno la silabi mbili, anapotea.

Halafu bàba. Watu wanafurahi kwamba Wachina nao wana “baba”. Ile si b yetu. Ni p isiyo na pumzi. P ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, ndiyo yenye pumzi. Anayetofautisha tembo la mnazi na t’embo wa porini, kama wafanyavyo wenyeji wa Lamu na Mombasa, anayo tofauti hiyo mdomoni tayari. Wengine waning’inize ukanda wa karatasi mbele ya midomo: kwa pà utikisike, kwa bà utulie.

Hanzi, yaani maandishi ya Kichina yenyewe, ni habari nyingine. Hapa udogo unakwamisha. Mtoto wa miaka minne akiandika 国 (nchi), mistari minane, anafunga kisanduku kwanza kisha hana pa kupitishia vya ndani, na ule mstari wa chini ndio wa mwisho kabisa. Wa miaka minane anaelewa siku hiyohiyo. Hata China kwenyewe, mtaala wa 2011 uliwataka watoto waliozaliwa ndani ya lugha hiyo watambue hanzi 1,600 hivi na kuandika 800 hivi kufikia mwisho wa darasa la pili.

Na saa zihesabiwe. Utafiti wa Barcelona chini ya Carmen Muñoz, kuhusu Kiingereza cha shuleni, uliona kwamba kwa saa zilezile walioanza wakubwa waliwapita walioanza wadogo. Katuni nazo? Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, baada ya vikao 12 na mtu hai anayeongea Kichina, walitofautisha sauti zake. Waliowekewa televisheni hawakupata kitu. Kwa hiyo dakika 15 kila siku, na mtu.

Pinyin ndiyo inayonikosesha raha. Naichelewesha hadi mtoto asome Kiswahili vizuri, la sivyo hē, kunywa, anaitamka kama “he” yetu, na c, inayosomwa “ts”, inamduwaza. Kitabu cha darasa la kwanza cha China nacho siku hizi huanza na hanzi, 天地人 (mbingu, ardhi, mtu), kabla ya pinyin. Lakini bila pinyin mtoto anarudi nyumbani na ukurasa ambao mzazi hawezi kumsomea hata neno moja, na Jumamosi ikifika nusu imeyeyuka. Wapo ambao nadhani nimewachelewesha mimi. Kwa sasa natuma sauti ya dakika mbili kwa WhatsApp, kwa sharti moja: mzazi akae na mtoto, arudie naye, akosee kwa sauti, na mtoto amsahihishe.