Karama za Roho ni nini, na zinalijengaje kanisa?

Neno karama ni ndugu wa ukarimu na mkarimu. Shina lao ni moja, la Kiarabu. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kinatumia karisma, neno linalotokana na karis, yaani neema. Kwa vyovyote utakavyolitazama, karama ni kitu ulichopewa bure. Hukukisomea, hukukinunua, wala si malipo ya kufunga na kuomba kuliko wenzako.

Hupewa kwa ajili gani? Mtume Paulo anajibu kwa maneno mawili katika 1 Wakorintho 12:7: "kwa kufaidiana". Hapo ndipo karama inapoachana na kipaji. Sauti nzuri ni kipaji, na aliye nacho anaweza kuimba popote kwa faida yake. Karama ni uwezo ambao Roho Mtakatifu humpa muumini ili wengine wajengwe katika imani. Tena isichanganywe na tunda la Roho, lile la Wagalatia 5. Upendo, uvumilivu na upole vinatakiwa kwa kila Mkristo, lakini karama hutofautiana mtu na mtu.

Kanisa la Korintho halikupungukiwa karama hata moja. Paulo mwenyewe anakiri hivyo mwanzoni mwa waraka wake. Shida yao ilikuwa fujo. Kila mmoja alitaka asikike. Ndiyo maana sura ya 14 inaweka utaratibu: wanaonena kwa lugha, yaani maneno ya Roho ambayo wasikiaji hawayaelewi, wawe wawili, au wakizidi, watatu, tena kwa zamu, na awepo wa kufasiri, asipokuwepo, mnenaji anyamaze kanisani. Manabii nao wanene wawili au watatu, wengine wapambanue. Paulo anasema kanisani ni heri aseme maneno matano yanayoeleweka kuliko elfu kumi kwa lugha. Madhehebu hayajakubaliana hadi leo kama lugha, unabii na uponyaji vinaendelea kama zamani, lakini kipimo hicho cha kujenga kinawahusu wote.

Binafsi naona tunazitukuza mno karama za madhabahuni, tukaipita haraka orodha ya Warumi 12, penye kuhudumu, kukirimu na kurehemu. Mfikirie dada anayekaa benchi la nyuma. Ibada ikiisha, yeye ndiye anayegundua kwamba mzee wa pale dirishani hajaonekana Jumapili mbili. Jioni anakwenda kwake. Anamwoshea vyombo, anamsikiliza, anamsomea zaburi moja, na akiaga ameshajua kwamba dawa zimekwisha. Kesho yake mashemasi wana habari. Dada huyo hajawahi kushika kipaza sauti, na mzee yule bado anajihesabu mshirika kwa sababu yake.

Wachungaji na walimu wanaingiaje? Waefeso 4:12 inasema wametolewa ili "kuwakamilisha watakatifu, hata kazi ya huduma itendeke". Neno la Kigiriki lililozaa "kuwakamilisha" ni la jamii moja na lile la Marko 1:19, pale wana wa Zebedayo walipokuwa wakizitengeneza nyavu zao. Basi mchungaji akimwona dada yule, asiichukue kazi yake wala asiiache bila msaada. Ampe majina ya wagonjwa wengine, amfundishe namna ya kukaa na aliyefiwa, ampatie mwenzake mmoja wa kwenda naye.