Ripoti ya MRI Inasema Ubongo Umesinyaa: Maswali na Majibu

Wamejuaje umesinyaa?
Programu ya kompyuta huigawa picha ya MRI (picha ya ubongo ipigwayo kwa mashine ya sumaku) mafungu matatu: sehemu ya kijivu, sehemu nyeupe na maji ya ubongo. Picha ni vijichemraba, mara nyingi vya milimita 1 kila upande. Huhesabiwa vya kila fungu. Vijichemraba 1,000 vya milimita 1 ni mililita 1. Kisha hulinganishwa na ujazo wa ndani ya fuvu, maana mwenye kichwa kidogo si mgonjwa.

Si uzee tu?
Hapana. Uzee hupunguza ubongo polepole, kwa kawaida chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Uzee haumpotezi mtu njia ya sokoni Kongowea aliyoipita miaka 40. Mzee akianza kupotea njia, au kuuliza swali moja mara tano kwa asubuhi moja, mleteni wiki hiyo hiyo.

Tukisubiri kombe na dua zimalizike?
Dua ziendelee, na hospitali muje. Tafadhali msisubiri. Wengi huletwa baada ya mwaka mzima, na kumbe tatizo lilikuwa la kutibika: upungufu wa vitamini B12 (hasa kwa mwenye kisukari aliyemeza metformin miaka mingi), tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, au damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu wiki kadhaa baada ya kuanguka bafuni. Damu hiyo daktari wa upasuaji huitoa. Msisubiri!

Na akichanganyikiwa ghafla?
Hapo hata kesho ni kuchelewa. Uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, huenda ni kiharusi: ni leo, sasa hivi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huwa na muda wake, takriban saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kumkanda mafuta nyumbani kunazila saa hizo.

Kipimo cha pili kimeonyesha umepungua zaidi. Ni kweli?
Ulizeni kwanza kama ni mashine ile ile na mpangilio ule ule. Picha za vipande vinene vya milimita 5 hazifai kwa hesabu hii: kijichemraba kimoja hubeba kijivu na maji pamoja, programu ikakosea kukigawa. Mgonjwa akitikisika, kijivu huonekana chembamba kuliko kilivyo. Hata upungufu wa maji mwilini hushusha ujazo, kwa hiyo semeni kama amefunga. Mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini aseme kabla hajaingia chumba cha MRI.

Namba ya ujazo ikiwa nzuri lakini bado anasahau?
Mleteni vile vile. Daktari anamtibu mzee, hatibu namba.