Ukwaju, Soda na Meno: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Lamu

Tangu tuanze maandalizi ya Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 20 Machi, kliniki yetu inapokea swali lile lile: "Daktari, sili peremende, napiga mswaki asubuhi na usiku, mbona maji baridi yanichoma meno?" Mara nyingi jibu limo kwenye gilasi.

Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH ya kinywa (kipimo cha asidi: kadiri namba inavyoshuka, ndivyo asidi inavyokuwa kali) ikishuka chini ya takriban 5.5. Kola iko karibu na 2.5, na maji ya ndimu ni makali kuliko hiyo. Juisi ya ukwaju nayo ni kali, hata ikitiwa sukari namna gani. Sukari huuficha uchachu ulimini, asidi hubaki ilivyo. Soda isiyo na sukari pia ina asidi. Na tuelewane hapa: kusema "hii ni ya asili, haina kemikali" hakulindi jino. Asidi ni asidi, itoke mtini au kiwandani.

Huku si kuoza, ndiyo maana hamuoni tundu jeusi. Ncha za meno ya mbele huwa nyembamba hadi mwanga ukapenya, magego hufanya vishimo juu, na jino lililozibwa zamani utaona kizibo kimesimama juu kuliko jino lenyewe. Enameli iliyokwisha haioti tena.

Wanaosugua meno kwa ndimu na chumvi au mkaa ili yawe meupe, tafadhali acheni. Mnakwangua enameli iliyolainika, na iliyo chini yake ni dentini, ambayo ni ya manjano. Kila mwezi tunalirudia hili.

Kinga kubwa ni mate, na mate huhitaji muda. Gilasi moja pamoja na chakula ina nafuu kuliko chupa inayonywewa tone kwa tone kutwa nzima, kama wafanyavyo watafunaji miraa, ambao kinywa tayari kimewakauka. Wakati wa Ramadhani, futuruni kwa maji kwanza, ukwaju ufuate na chakula. Msisukutue kinywaji mdomoni. Mkimaliza, suuzeni kwa maji, msubiri nusu saa hadi saa moja ndipo mpige mswaki, wa dukani au wa mti. Mama mjamzito anayetapika afanye vivyo hivyo.

Kuhusu matibabu: njooni na kitambulisho cha taifa, na kwa mtoto cheti cha kuzaliwa. Ambaye hajajisajili SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya serikali) apige *147# kabla ya kufika, asije akaturefushia foleni dirishani. Anayetibu meno lazima awe na leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, huhuishwa kila mwaka, na mna haki ya kuomba kuiona. Kutibu bila leseni ni kosa la jinai lenye adhabu ya faini au kifungo, hata kama mhusika anajiita "fundi wa kung'arisha" tu. Taarifa ipelekwe kwa Baraza au kwa afisa wa afya wa kaunti.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya uchunguzi wa daktari. Wanaotoka Faza na Kizingitini waulizie siku ya kliniki kabla ya kulipa nauli ya boti.