Chokaa Huogopwa, Vumbi Huzoewa

Katika matanuri ya chokaa ya hapa Tanga, ninakokagua usalama wa wafanyakazi, sijapata kumwona mfanyakazi akiichezea chokaa ambayo haijazimwa, yaani iliyochomwa lakini bado haijatiwa maji. Kila mmoja anajua kwamba ikikutana na maji hutoa joto kali, na kwamba chembe yake ikiingia jichoni huunguza papo hapo, kwa hiyo miwani huvaliwa bila kusimamiwa na mtu. Mfanyakazi huyohuyo akihamia kwenye kupakia mifuko huiteremsha barakoa hadi kidevuni, na nikimuuliza hunijibu kwa upole: "Mwanangu, hili ni vumbi tu, tumelizoea."

Sikubaliani na wanaouita huu uzembe. Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Slovic alionyesha katika makala yake ya mwaka 1987 kwamba watu huikadiria hatari kwa utisho wake na kwa ugeni wake, na vumbi la kila siku halitishi wala si geni. Tena linadanganya macho. Chembe zinazofika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu hazizidi sana mikromita 4, ilhali unene wa unywele ni kama mikromita 70. Wingu jeupe linapotua, barakoa huvuliwa, wakati chembe hizo ndogo zingali zinaelea.

Kinachoniumiza zaidi ni imani ya maziwa. Wengi huamini kwamba glasi moja jioni husafisha kifua, ingawa maziwa huenda tumboni na vumbi limekwenda mapafuni, njia mbili zinazoachana kooni. Anayeamini kwamba jioni atasafishwa hujiachia mchana kutwa. Nimewahi kukuta mahali ambapo maziwa yaligawiwa kila siku ilhali barakoa zilikuwa zimekwisha, na hilo ni kosa la mwajiri, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka atoe vifaa vya kujikinga.

Siku hizi, kabla ya kusema lolote kuhusu vumbi, mimi huomba taa za ghala zizimwe, kisha huwasha tochi kali na kuwasimamisha wafanyakazi waielekee kwa pembeni. Chembe huonekana zikielea pale walipodhani hewa ni safi. Baada ya hapo swali lao la kwanza si la barakoa: huuliza vumbi linatokea mdomo upi wa mashine, na kwa nini halifyonzwi palepale. Hilo mimi huliandika kwenye ripoti ninayompa mwajiri, kwa maneno yao wenyewe.