Makumbusho ya taifa ya historia ya kijeshi: ni nini, na yanaundwa kwa nini?

Neno makumbusho halikutoka kwenye kukumbuka, limetoka kwenye kukumbusha. Tofauti hiyo ni ndogo mpaka uiweke mbele ya mzinga. Anayekumbuka, anakumbuka mwenyewe. Anayekumbushwa ameshikwa mkono na mwingine, akaambiwa: tazama hapa, hili lisikupite. Katika makumbusho ya taifa ya historia ya kijeshi, anayekumbusha ni dola, anayekumbushwa ni raia, na kinachokumbushwa ni vita. Hapo ndipo faida yake yote ilipo, na hatari yake pia.

Tuanze na visivyo makumbusho. Bohari ya silaha za zamani si makumbusho, hata ukiifagia na kutoza kiingilio. Mnara wenye majina ya waliokufa ni ukumbusho: kazi yake ni kuheshimu, na hakuna anayeudai maelezo. Vikosi vingi navyo vina chumba chao cha nishani, bendera na picha za makamanda, lakini chumba hicho kinasimulia kikosi chenyewe, basi. Makumbusho ya taifa huundwa kwa sheria au kwa uamuzi wa serikali, kwa kawaida huendeshwa kwa fedha za umma, huwa na watafiti na hifadhi ya nyaraka, na hutarajiwa kusimulia vita kwa upana wake: waliopigana, waliotibu, waliopika, waliohama makwao, na adui pia.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Watawala wa Ulaya walikusanya silaha ili kujivunia ngawira na kuwafunza mafundi wa mizinga. Paris bado inaonyesha ukoo huo. Musée de l'Armée, yaani makumbusho ya jeshi, ilizaliwa 1905 kwa kuunganisha makumbusho ya mizinga na makumbusho ya historia ya jeshi, ndani ya Hôtel des Invalides, jengo ambalo Louis XIV aliamuru lijengwe mwaka 1670 kwa ajili ya askari wazee na walemavu. Kanisani humo, bendera zilizotekwa kwa adui bado zinaning'inia.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyoigeuza maana ya kitu hiki. Machi 1917, bila mtu yeyote kujua vita vingeishaje, baraza la vita la Uingereza lilikubali kuanzishwe makumbusho ya vita ya taifa, kwa pendekezo la waziri Alfred Mond. Watu wanakufa mahandakini, na huku kuna kamati inaokota vitu! Lakini kamati ile ilikuwa na hoja. Vita vile viliita watu wa kawaida kwa mamilioni, na mtu wa kawaida hana mchoraji wa kumchora juu ya farasi kama jenerali. Familia ziliombwa picha za waliokufa. Kamati ndogo ya wanawake ikakusanya ushahidi wa kazi za wanawake wakati wa vita. Hata jina lilibadilika njiani: “la taifa” likawa Imperial War Museum, yaani la himaya nzima, kwa kuwa waliomwaga damu hawakuwa wa kisiwa kimoja. Lilifunguliwa Juni 1920, na tangu 1936 limo ndani ya jengo lililokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Anayetaka kuona fumbo hapo, na alione.

Australia ilikwenda mbali zaidi, na kwangu mfano wake ndio unaofundisha kuliko yote. Charles Bean, mwandishi aliyefuatana na askari wa nchi yake, aliyaona mauaji ya Pozières, kijiji cha Ufaransa, mwaka 1916 na wazo likamwingia. Alisisitiza kwamba vitu vilivyotoka vitani visiitwe ngawira, viitwe masalia. Si mchezo wa maneno. Ngawira inasema “tuliwashinda”, masalia yanasema “haya ndiyo yaliyobaki”. Alitaka pia maonyesho yasijigambe wala kumtukana aliyekuwa adui. Jengo lake la Canberra, ambalo ni ukumbusho, makumbusho na hifadhi ya nyaraka kwa pamoja, lilifunguliwa tarehe 11 Novemba 1941, katikati ya vita vingine vikubwa zaidi. Kwenye kuta zake kuna majina zaidi ya 100,000, na hakuna jina lenye cheo mbele yake.

Kuunda makumbusho ya namna hii kunahitaji mambo ambayo mgeni hayaoni. Vitu hutoka kwenye maghala ya jeshi, kwenye medani za vita, na sana kwenye makabati ya familia, pale mjukuu anapokuta sanduku la babu. Silaha lazima zilemazwe na risasi ziondolewe. Ngozi, karatasi na kitambaa vinataka mwanga hafifu na hewa isiyo na unyevu mwingi wala ukavu mwingi, la sivyo vinakwisha vyenyewe bila adui yeyote. Vitu vikubwa vina tabu yao: Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, huko Fort Belvoir, yaliingiza vifaru kabla ya kuta kusimama, kisha jengo likajengwa kuvizunguka. Yalifunguliwa 2020, kwa jeshi lililoundwa 1775. Kumbe hata taifa lenye fedha linaweza kuchelewa.

Hata hivyo, kazi nzito kuliko kubeba kifaru ni daftari. Kila kitu kinaandikiwa kilitoka wapi, kilishikwa na nani, kilifikaje. Jumba la historia ya kijeshi la Vienna lina gari la wazi ambamo Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, alipigwa risasi mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, pamoja na koti lake lenye damu. Futa maandishi yanayothibitisha hayo, utabaki na gari kuukuu na nguo chafu.

Na maandishi ndiyo yanayoleta ugomvi, si chuma. Katika makumbusho ya vita ya Kanada huko Ottawa, ubao mmoja wa maelezo uliohoji ulipuaji wa miji ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili uliwakasirisha marubani wa zamani na wenzao, wakaona wanaitwa wauaji. Mwaka 2007 maneno yalibadilishwa. Mimi nawaelewa wazee wale, lakini siupendi mwisho ule: ukimwachia aliyepigana ndiye aandike maelezo, utapata ukumbusho, na makumbusho yatakuwa yamekufa kimyakimya. Nchini Vietnam mabadiliko yalikuwa mlangoni. Nyumba iliyofunguliwa Saigon mwaka 1975 kuonyesha uhalifu wa Wamarekani na washirika wao ilibadilishwa jina zaidi ya mara moja, na tangu 1995 inaitwa Makumbusho ya Masalia ya Vita, kwa kuwa Marekani ilikuwa inageuka kuwa rafiki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinabana zaidi, maana mshindi na aliyeshindwa ni raia walewale. Nigeria iliweka makumbusho yake ya taifa ya vita Umuahia mwaka 1985, kwenye handaki lililokuwa la redio ya Biafra, eneo lililojaribu kujitenga na Nigeria, na silaha ambazo Biafra ilijitengenezea zimo humo. Kuweka jumba la kitaifa katika eneo la walioshindwa ni uamuzi ambao serikali nyingi zingeukwepa.

Dresden, Ujerumani, wamelijibu swali la nani anamkumbusha nani kwa kutumia jengo lenyewe. Ghala la silaha la karne ya 19 lilikuwa makumbusho ya jeshi chini ya wafalme wa Sachsen, chini ya Wanazi, na chini ya Ujerumani Mashariki, kila utawala ukikumbusha lake. Lilipofunguliwa upya 2011, msanifu Daniel Libeskind alikuwa amelipasua kwa kabari ya chuma, zege na kioo. Upande wa zamani unapanga historia kwa mfuatano wa miaka. Ndani ya kabari zimo mada za maumivu, kwa mfano vita na watoto. Mgeni akipanda hadi kileleni, anatokea kwenye ukumbi wa kutazamia nje, na kinachoonekana chini yake ni mji ulioteketezwa kwa mabomu Februari 1945.