Janet Vaughan: Daktari Aliyekusanya Damu Kabla ya Mabomu

Ni nani Nairobi mwenye simu ambaye hajaupata ujumbe huu? "Ndugu yetu amelazwa, inatakiwa damu ya kundi O hasi haraka, tafadhali sambaza." Unatoka kwenye kundi la kanisa, unaingia la chama, hadi la wazazi wa darasa la nne. Watu hujitokeza, na Mungu awazidishie. Ila kuna jambo ambalo sisi tunaoshinda kwenye benki ya damu tunatamani kila msambazaji alijue: damu utakayotoa usiku huu kwa kawaida si hiyo atakayoongezewa mgonjwa usiku huu. Ni lazima kwanza ijulikane kundi lake, kisha ipimwe virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Damu inayomwahi mama anayevuja baada ya kujifungua ni ile iliyokwisha kulala kwenye jokofu, imetolewa na mtu asiyemjua, pengine wiki tatu nyuma.

Ndiyo maana namkumbuka Daktari Janet Vaughan.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1899. Mwalimu mkuu wake alimwona hana akili za kusomeshwa, na mtihani wa kuingia Somerville, chuo cha wanawake huko Oxford, alianguka mara mbili, akapita mara ya tatu. Akiwa mwanafunzi wa udaktari aliingia vyumba vya mafukara wa London, akaona jinsi njaa inavyomkausha mtu damu. Kisha zikafika habari kutoka Marekani kwamba maini yanatibu aina moja ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua. Vaughan aliazima mashine za kusagia nyama kwa marafiki, akasaga maini mabichi nyumbani, na dawa ile akainywa mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa.

Mwaka 1938 vita vilinukia Ulaya. Wakati ule ilikuwa kawaida kumwita mtoaji pale mgonjwa alipoletwa. Vaughan alijiuliza: mabomu yakidondoka usiku mmoja na majeruhi wakaja kwa mamia, watoaji utawaita saa ngapi? Hispania, iliyokuwa tayari vitani, ilikuwa na jibu. Daktari Federico Durán-Jordà wa Barcelona alikuwa akikusanya damu mapema, akiihifadhi kwa baridi na kuisafirisha hadi uwanja wa vita. Vaughan alijifunza kutokana na kazi hiyo. Akazunguka London kununua mipira ya kupitishia damu na vizibo, akaanza kuweka akiba hospitalini kwake, Hammersmith. Vita havikuja mwaka huo. Aprili 1939 akawakusanya wenzake nyumbani kwake Bloomsbury, wakapanga kuizungushia London vituo vinne vya damu: Luton, Sutton, Maidstone na Slough. Cha Slough akakiongoza yeye.

Chupa waliyotumia inastahili kutazamwa kwa karibu. Ilitokana na chupa ya maziwa, ikafinywa katikati kama kiuno ili mkanda uishike na ining'inizwe kichwa chini kando ya kitanda. Ndani ilitangulizwa sitrati ya sodiamu, chumvi inayofunga kalsiamu ya damu ili damu isigande. Mfuko wa plastiki tunaotumia leo Nairobi una sitrati ileile. Ndiyo yale maji kidogo unayoyaona chini ya mfuko kabla damu haijaanza kushuka. Kifaa kinachoubembeza mfuko huku ukifinya mpira mkononi kinafanya hivyo ili damu na sitrati vichanganyike tangu tone la kwanza.

Mabomu yalipoanza kuinyeshea London Septemba 1940, chupa zilikuwa zimejaa. Zilisambazwa hospitalini kwa magari yaliyokuwa ya kuuzia aiskrimu, madereva wakiwa wanawake wa pale Slough, usiku, taa za mji zimezimwa. Kwangu hao madereva ni sehemu ya heshima tunayompa Vaughan.

Mwaka 1945 alitumwa Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, kutafuta njia ya kuwalisha waliokaribia kufa kwa njaa. Wafungwa waliogopa sindano, kwa sababu kambini sindano ilikuwa na maana ya kuuawa. Wenye uwezo wa kumeza walifaidika zaidi kwa maziwa kidogo kidogo. Baadaye aliongoza Somerville hadi 1967, na alifariki 1993.

Sisi Wakenya somo la kuweka akiba ya damu mapema tulilipata kwa uchungu. Agosti 7, 1998, bomu katika ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu hapa katikati ya jiji. Watu walipanga foleni kutoa damu, na baada ya msiba huo ndipo Kenya ikaunda huduma ya taifa ya damu. Mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate, foleni zilirudi Uhuru Park. Huwa nazikumbuka foleni hizo kila shule zinapofungwa, maana wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari. Wao wakienda likizo rafu za jokofu hubaki wazi, na Nairobi haina habari.

Ikiwa una miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema, njoo siku ambayo hakuna aliyekuita. Tutakuchoma kidole kupima wingi wa damu, tukuulize maswali, kisha ujilaze. Mfuko hujaa kwa takriban dakika kumi, mililita 450. Mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Utapewa soda na biskuti, na tutakuomba ukae kidogo kabla ya kutoka. Wakati unakunywa soda, mfuko wako unabandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi: siku 35 kuanzia leo.