Je, Mwanasaikolojia Wako Bado Anajifunza?

Mtu anapoingia kwa mwanasaikolojia kwa mara ya kwanza, macho huenda ukutani. Shahada ile pale, leseni hii hapa, na kama mtaalamu amehudhuria warsha nyingi, vyeti vimepangana hadi karibu na mlango. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuratibu mafunzo endelevu ya wanasaikolojia walio kazini, na vyeti hivyo baadhi nimevisaini mwenyewe. Hata hivyo, swali ninalotamani wateja waulize ni jingine: ni lini mara ya mwisho mtaalamu mwenzako alisikiliza unavyofanya kazi?

Kwamba elimu ya saikolojia huchakaa, hilo halina ubishi. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Samuel Dubin alikadiria kuwa nusu ya yale aliyojifunza mwanasaikolojia hadi kupata udaktari huwa yamepitwa na wakati katika miaka 10 hadi 12. Angalia tu orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Toleo la 11, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeyapa majonzi ya muda mrefu jina lake kama tatizo linalojitegemea. Mjane ambaye mwaka umepita na zaidi, na bado hamu ya kumwona marehemu inamzuia kula, kulala na kufanya kazi, zamani angeandikiwa sonona. Leo mtaalamu anatakiwa kujua kwamba hayo ni mambo mawili, na kwamba majonzi ya aina hii yana tiba yake. Aliyehitimu kabla ya hapo hawezi kulijua hili kwa uzoefu peke yake. Lazima asome.

Lakini kujua jipya ni sehemu ndogo. Sehemu ngumu ni kuacha ulichokizoea, hasa kama ulikifanya kwa moyo mwema. Kwa miaka mingi, watu walionusurika ajali na majanga walikuwa wakiketishwa mapema, katika kikao kimoja, wasimulie yote yaliyowapata na walivyojisikia. Ilionekana ni utu na busara: toa moyoni, utapona. Kisha watafiti wakapima. Katika jaribio moja lililochapishwa 1997, lililofanywa kwa majeruhi wa moto, waliopewa kikao hicho walifuatiliwa kwa miezi 13. Asilimia 26 kati yao walikuwa na ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, wakati kwa wale ambao hawakupewa ilikuwa asilimia 9. Tathmini iliyokusanya majaribio mengi, ya mwaka 2002, ilihitimisha kwamba kuwalazimisha wahanga kupitia kikao cha namna hiyo kukomeshwe. Leo mhanga hupewa kwanza usalama, mahitaji ya msingi na watu wake wa karibu. Akitaka kuzungumza, anasikilizwa, ila hashurutishwi kusimulia. Mwanasaikolojia ambaye habari hizi hazijamfikia anaweza kumdhuru mtu huku akiamini anamwokoa.

Na hapa ndipo wengi hushangaa: mtaalamu mwenyewe si shahidi mzuri wa kazi yake. Utafiti uliochapishwa 2005 uliwahusisha watoa ushauri 40 na wateja 550 katika kituo cha ushauri cha chuo kikuu. Watoa ushauri waliombwa wataje ni mteja gani wanadhani atamaliza huduma akiwa na hali mbaya kuliko alivyokuja. Waliwataja 3. Waliozorota kwa kweli walikuwa 40, na kati ya wale 3 waliotajwa, mmoja tu ndiye aliyekuwemo. Hawa hawakuwa wazembe. Ni kwamba chumbani mteja hutabasamu, hushukuru, huahidi kurudi, na mtoa huduma anayetaka sana apone huona kupona. Dodoso fupi analojaza mteja kabla ya kila kikao liliwatambua wengi wa wale ambao macho ya wataalamu hayakuwaona.

Je, uzoefu haurekebishi hilo? Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya watoa tiba 170 na wateja 6,591, watoa tiba hao wakifuatiliwa kwa wastani wa miaka 5 hivi. Kwa jumla, matokeo yao hayakupanda kadiri miaka ilivyoongezeka. Yalishuka, ingawa kidogo sana. Kuna waliopanda, na wateja walioacha huduma njiani walipungua, kwa hiyo uzoefu una faida yake. Ila hautoshi. Anayerudia kosa lilelile kwa miaka kumi bila mtu wa kumwonyesha hulikomaza kosa hilo.

Sasa, tiba yake ni warsha? Semina ya siku mbili ina mahali pake: inafungua macho, inakutanisha watu. Lakini katika jaribio moja la mwaka 2004, wataalamu 140 wa tiba ya uraibu walifundishwa mbinu ya mazungumzo inayomsaidia mtu kupata ari ya kubadilika. Waliopewa warsha pamoja na mrejesho wa kazi yao, au mwalimu wa kuwafuatilia baadaye, walimudu mbinu hiyo kuliko walioachwa na warsha tupu. La kuzingatia zaidi ni hili: jinsi mtu alivyojipa alama za umahiri hakukuwa na uhusiano na umahiri uliosikika kwenye rekodi za sauti za vikao vyake.

Rekodi ndiyo shule ninayoiamini kuliko zote. Mwanasaikolojia mmoja mwenye miaka 14 kazini, ambaye habari zake nimezibadilisha kidogo kulinda usiri, alileta kipande cha kikao, kwa ridhaa ya maandishi ya mteja. Mteja anasema: “Siku baba alipofariki, sikuwepo.” Kimya. Nilihesabu sekunde nne. Kisha mwanasaikolojia, kwa sauti laini: “Hukuwa na kosa lolote.” Mteja akajibu, “Ndiyo, najua,” na akaanza kuzungumzia kazi yake ofisini. Mara ya kwanza tuliposikiliza, mwenzetu alisema hapo alimfariji. Mara ya pili hakusema kitu. Mara ya tatu alishika kichwa: “Nimemkatiza. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza.” Kwa wiki nne zilizofuata tulifanya zoezi moja tu: mwenzake anaigiza mteja, anatamka neno zito, na yeye anakaa kimya hadi mteja aendelee mwenyewe. Kwa mtu wa kawaida hilo laweza kuonekana dogo. Kwa yule aliyefiwa na baba yake, ndipo huduma inapoanzia.

Kanuni za nchi mbalimbali zinaelekea huko, kila moja kwa njia yake. Australia mwanasaikolojia hutakiwa saa 30 kwa mwaka, na 10 kati ya hizo lazima ziwe za kujadili kazi yake na wenzake. Uingereza haihesabu saa. Kila baada ya miaka miwili huteua sampuli ya wanataaluma waonyeshe jinsi mafunzo yao yalivyomnufaisha mteja. Mimi naupenda utaratibu huu wa pili, lakini saa 10 za Australia ningezichukua leo hii. Kinachoniuma ni semina ambayo watu husaini asubuhi, huondoka mchana, na jioni pointi zao za mafunzo zinaingia. Aliyeibiwa pale ni mteja ambaye hata hajui semina hiyo ilikuwepo.

Kwa hiyo wewe unayetafuta huduma, muulize mtaalamu kwa heshima: nani anakusimamia au unajadili kazi yako na nani? Umejifunza nini mwaka huu ambacho kimebadilisha unavyofanya kazi? Aliye makini hatakasirika, na mara nyingi atakuwa na mfano mkononi. Akikuomba kurekodi kikao, una haki ya kujua nani atasikiliza, rekodi itakaa wapi na itafutwa lini, na una haki ya kukataa bila huduma yako kuathirika. Akikupa dodoso mwanzoni mwa kikao, lijaze kweli, pamoja na kile kipengele kinachouliza kama kikao kilichopita kilikusaidia. Kama hakikukusaidia, andika hivyo.